Omogati: Kwa Nini Kisii Haikupata Mkate wa Kifaransa

Ukitaka kruasani ya ukweli Nairobi, utaonyeshwa njia. Kuna Le Grenier à Pain, bekari yenye asili yake Ufaransa. Kuna ArtCaffé. Na tangu Carrefour ifungue duka lake la kwanza nchini mwaka 2016, bageti imekuwa kitu cha kutiwa kwenye troli pamoja na sabuni na sukari. Ukiuliza swali hilo hilo Kisii mjini, pale karibu na steji, utatazamwa kwanza. Kisha utaelekezwa kwa upole kwenye vitu vilivyopo: mandazi, skonzi, half-keki, kangumu, KDF, chapati, na mkate wa slesi uliofungwa kwa karatasi ya plastiki. Ukienda Keroka, Nyansiongo ama Nyamira mjini, orodha ni ile ile.

Swali lenyewe huonekana la kujidai. Mtu katoka Nairobi, ama katoka Minnesota ambako watu wetu wamejaa, sasa anataka kutusumbua na vyakula vya Wazungu. Lakini hebu tulichukue kwa uzito kidogo. Bujumbura, bageti huuzwa dukani kama sisi tunavyouza slesi. Bukavu na Goma vilevile, mkate mrefu wenye ganda gumu ni kitu cha kawaida cha asubuhi. Na huwezi kusema ni pesa, kwa sababu Burundi haijawahi kuwa tajiri kuliko Kenya. Huwezi kusema ni ulimi pia, kwa sababu mtu wa Bujumbura na mtu wa Kisii wote wawili walilelewa na ugali, maharagwe na ndizi. Kwa nini basi mmoja anachovya bageti kwenye chai na mwingine anachovya slesi?

Jibu liko kwenye historia, tena historia yenye tarehe. Na tukishalijua, tutaona pia kwamba kitu tunachokitafuta tunapotafuta mkate wa Kifaransa "wa asili" si kile tunachodhani.

Tuanze kabla ya ngano. Chakula cha Abagusii kilikuwa wimbi, yaani obori. Ulisagwa juu ya jiwe, ukapikwa obokima, ukatiwa kwenye ekee, kile kikapu kilichosukwa, ukaliwa na chinsaga, rinagu, ama maziwa yaliyolala kwenye kibuyu. Wimbi huo huo ulioteshwa ukawa kimea, na kimea kikachachusha amarwa, pombe ya wazee na ya sherehe. Hapa pana jambo la kutia akilini. Chachu inayoifanya pombe ichemke bila moto ni jamii moja na hamira inayoumua mkate. Kwa hivyo maarifa ya kuchachusha yalikuwepo Gusii zamani sana kabla ya Mzungu wa kwanza kuonekana. Kilichokosekana kilikuwa nafaka. Ngano ina gluteni, ule mnato unaoishika hewa ya chachu ndani ya donge mpaka donge likaumuka. Wimbi hauna. Ukiuchachusha utapata uji mzuri na pombe nzuri, lakini hutapata mkate wa kujaa hewa.

Ngano ililetwa na wageni, na wageni hao walikaribia kuwa Wafaransa.

Mwaka 1892, pale Mengo katika Buganda, Wakristo walipigana wenyewe kwa wenyewe. Wakatoliki waliitwa Wafransa, kwa sababu mapadre wao, White Fathers wa Kardinali Lavigerie, walikuwa shirika la Kifaransa. Waprotestanti waliitwa Waingereza. Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza alikuwa na bunduki ya Maxim, na bunduki hiyo haikuwa upande wa Wafransa. Vita vilipotulia, ilionekana wazi kwamba Ukatoliki ukibaki na sura ya Ufaransa ndani ya himaya ya Uingereza, fujo hazitaisha. Basi mwaka 1894 Roma iliukata uwanja wa White Fathers, na upande wa mashariki ukakabidhiwa Mill Hill, shirika la wamisionari lililoanzishwa London na Herbert Vaughan mwaka 1866. Jimbo hilo jipya liliitwa Upper Nile. Lilienea hadi magharibi mwa Kenya ya leo, sehemu ambayo mpaka 1902 serikali ya kikoloni iliihesabu kuwa ya Uganda.

Ndiyo maana waliofika Nyabururu mwaka 1911, mwendo mfupi tu kutoka Kisii mjini, walikuwa mapadre wa Mill Hill: Waingereza, Waholanzi, na wenzao kutoka Tirol. Wasabato wakapanda kilima cha Nyanchwa muda mfupi baadaye. Mapadre Wafaransa wa karibu walikuwa mbali: ama Bukumbi, ng'ambo ya ziwa karibu na Mwanza, kwenye eneo la Wajerumani, ama St. Austin's kule Nairobi, kwa mapadre wa Roho Mtakatifu.

Sasa ni rahisi kumtwika padre lawama zote. Tukose haki hiyo. Buganda ilibaki na White Fathers wake kwa miaka mingi, na bado Kampala haikuwa mji wa bageti. Misheni ilileta mkate wa aina moja tu kwa uhakika, nao ni hostia. Sheria ya Kanisa inataka hostia iwe ya ngano tupu, bila kuchanganywa na nafaka nyingine, hata mahali ambapo hakuna shamba la ngano kwa mwendo wa siku nyingi. Kwa hiyo Mgusii Mkatoliki wa kizazi cha kwanza huenda alionja ngano kwa mara ya kwanza akiwa amepiga magoti, kipande chembamba kuliko jani, kisicho na chumvi wala hamira. Mkate wa mezani, ule wa kila siku, ulikuja kwa mlango mwingine. Uliletwa na serikali, na walowezi wa serikali hiyo, na maduka yaliyoifuata.

Tuuangalie mwaka 1908, maana ulikuwa na shughuli nyingi. Boma la Kisii lilikuwa ndiyo tu limeanzishwa mwaka uliotangulia. Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki G. A. S. Northcote, yule bwana DC, baada ya maneno makali ya Moraa, nabii wa Kitutu. Northcote hakufa. Kilichofuata kila mtoto wa Gusii anakijua: msafara wa kuadhibu, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa, watu wakauawa. Mwaka huo huo, kule nyanda za juu, Lord Delamere na wenzake walianzisha Unga Limited, kampuni ya kusaga ngano ya walowezi. Na mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, serikali ya Ubelgiji ilimnyang'anya Mfalme Leopold koloni lake na Kongo ikawa Kongo ya Wabelgiji. Mambo matatu yasiyojuana, katika mwaka mmoja. Ukiyaunganisha, unapata ramani ya mikate ya eneo letu: nani atatawala wapi, nani atasaga ngano, na unga huo utaokwa kwa mtindo wa nani.

Delamere mwenyewe aliumizwa na ngano. Mashamba yake ya Njoro yalishambuliwa na kutu, ugonjwa wa ukungu unaopaka mabua rangi ya chuma kilichoharibika, na ikabidi alipie utafiti wa mbegu zinazohimili. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa kituo cha kuzalisha mbegu cha Njoro mwaka 1927. Lakini ona ngano hiyo ilikuwa ya nani. Ilitaka shamba kubwa, mashine na mkopo, vitu vitatu ambavyo Mwafrika wa "reserve" hakuruhusiwa kuwa navyo. Unga mweupe ukawa chakula cha Mzungu. Mhindi alikuwa na chapati yake, iliyofika na watu zaidi ya 30,000 walioletwa kujenga reli kuanzia 1896, na baadaye na wenye maduka waliofuata njia hadi Kisii. Mwafrika aliachiwa mahindi, ambayo polepole yaliusukuma wimbi pembeni kwenye ardhi yake mwenyewe.

Mkate uliotoka kwenye mpango huu ulikuwa mkate wa Kiingereza. Huokwa ndani ya bati, kwa hivyo hutoka na kona nne. Ganda lake ni laini. Kazi yake ni kukatwa slesi zinazolingana, zipakwe siagi na jemu, zikae pamoja na chai ya maziwa. Ulipenya Gusii kupitia duka la Mhindi, kupitia shule za bweni, na kupitia wanaume waliorudi kutoka jeshini na kwenye kazi za mijini. Jina lake nalo linaonyesha njia uliyopita. Ekegusii kililichukua neno la Kiswahili, mkate, kikalilainisha kwa sheria yake cha kutamka, likawa omogati. Kikuyu wakafanya vivyo hivyo, mũgate. Na Wanyarwanda, umugati. Neno ni moja kwa wote, ila kitu chenyewe hakifanani: omogati wa Kisii una kona nne, umugati wa Kigali unaweza kuwa mrefu kama rungu.

Huo ndio mpaka. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Rwanda na Burundi zilitolewa mikononi mwa Wajerumani zikapewa Wabelgiji, ambao tayari walikuwa Kongo. Mbelgiji si Mfaransa, lakini mezani kwake asubuhi kuna mkate wa ganda gumu na kruasani. Maafisa wake, watawa wake na wenye maduka wake walijenga matanuri ya kuwatosha, wakafundisha waokaji wa kuwahudumia, na waokaji hao walipoanza kujiokea wenyewe, waliendelea na umbo walilolijua. Djibouti ikabaki ya Wafaransa hadi 1977, Komoro hadi 1975, na huko nako bageti ilibaki baada ya bendera kushuka. Pwani yetu ilikuwa na hadithi nyingine kabisa: mofa, mkate wa kumimina, mkate wa sinia, na mkate wa Kizungu uliopewa jina lake, boflo. Kila mji wa Afrika Mashariki unatafuna mkataba fulani uliotiwa saini na watu ambao hawakuwahi kuukanyaga.

Basi hapo swali la kwanza limejibiwa. Kisii haikupata mkate wa Kifaransa kwa sababu ilikuwa upande wa Kiingereza wa mstari, kidini mwaka 1894 na kiserikali muda si mrefu baadaye. Linabaki swali la pili, na ndilo gumu zaidi. Mtu anayetafuta kruasani "ya asili" karibu na nyumbani, anatafuta nini hasa?

Kama anatafuta kitu ambacho Ufaransa ilikizaa peke yake, kruasani itamwangusha. Ilifika Paris kutoka Vienna. Mwishoni mwa miaka ya 1830, Mwaustria aliyeitwa August Zang alifungua bekari ya mtindo wa Vienna kwenye barabara ya Richelieu, akauza mikate midogo yenye umbo la mwezi mwandamo. Waparisi walikimbilia, wengine wakaiga, na mpaka leo Wafaransa wenyewe huuita ukoo mzima wa vitu hivi "viennoiserie", yaani mambo ya Vienna. Ile hadithi kwamba waokaji wa Vienna waliibuni kusherehekea kushindwa kwa Waturuki mwaka 1683 ni ya kunogesha kahawa tu. Na kruasani ya tabaka nyembamba tunayoijua leo ni ya karne ya 20. Bageti nayo si mzee sana: jina hilo linaonekana kwenye kanuni ya bei ya jimbo la Seine mwaka 1920, kanuni iliyotaja uzito wake, urefu wake na bei yake ya juu.

Hapo ndipo pa kusimama. Kitu ambacho Ufaransa ilifanya kwa mkate, na ambacho sisi hatukufanya, si umbo. Ni sheria. Wafaransa walikuwa na sababu ya kuogopa mkate. Oktoba 1789 wanawake wa Paris, wakiwa wamechoshwa na bei na uhaba, walitembea hadi Versailles na kumrudisha mfalme mjini chini ya ulinzi wao. Novemba 1793 serikali ya mapinduzi iliamuru uokwe mkate wa aina moja tu, "mkate wa usawa", tajiri asile mweupe huku maskini akila makapi. Tangu hapo, kila serikali ya Ufaransa imejua kwamba bei ya mkate inaweza kuiondoa madarakani, na usimamizi wa bei hiyo uliendelea kwa namna moja ama nyingine hadi miaka ya 1980.

Kisha viwanda vikaja na donge lililogandishwa, na waokaji wadogo wakaanza kufunga. Septemba 1993 ilitolewa amri: mkate unaoitwa wa "asili ya Kifaransa" uwe na unga wa ngano, maji, chumvi, na hamira ama chachu. Basi. Dawa za kuhifadhi haziruhusiwi, na donge halitagandishwa hatua yoyote. Kinachovumiliwa ni chembe ya unga wa maharagwe, soya ama kimea. Ndiyo, kimea, kitu ambacho bibi yeyote wa Gusii aliyepika amarwa angekitambua kwa harufu. Mwaka 1998 sheria nyingine ikasema kwamba duka haliwezi kujiita "boulangerie" kama mwenye nyumba hakandi na kuoka pale pale anapouzia. Na Novemba 2022 UNESCO ilipouweka bageti kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu, ilichoandika kwenye orodha ni ufundi wa kuutengeneza na utamaduni unaouzunguka. Mkate wenyewe kama kitu haukuwa hoja.

Kwa hivyo asili, kwa kipimo cha Wafaransa wenyewe, ni maswali manne. Ndani kuna nini? Nani amekanda? Amekanda wapi? Amekanda lini? Hakuna swali la pasipoti ya mwokaji.

Sasa tupeleke kipimo hicho Kisii mjini, saa kumi na mbili asubuhi. Mkate wa slesi wenye jina maarufu unaanguka mtihani mara moja. Umekandwa kiwandani, mji mwingine, na mtu usiyemjua. Umesafiri kwa lori usiku. Na karatasi yake inakutajia kihifadhi kilichotiwa ili ukae siku kadhaa bila kuota ukungu. Sisemi ni mbaya. Umelisha shule na hospitali, na mama anayewahi kazi hana muda wa kukanda. Lakini kwa sheria ya 1998 hauwezi hata kuukaribia mlango wa boulangerie.

Halafu nenda kwa yule mama wa mandazi kule Daraja Mbili. Unga, maji ama maziwa, sukari, hamira, iliki kidogo akipenda. Amekanda mwenyewe, alfajiri, hatua chache kutoka anapouzia. Yakifika saa nne yameisha, na yasipoisha kesho hayauziki. Tazama na mpishi wa chapati. Anasukuma donge, analipaka mafuta, analikunja kama kamba, anazungusha, anasukuma tena, na moto unapolipata tabaka zinaachana. Mwoka kruasani hufanya hesabu ya namna hiyo hiyo kwa siagi: akilikunja donge mara tatu, kila mara kwa sehemu tatu, anapata tabaka 27 za siagi. Maji yaliyo ndani ya siagi na donge hugeuka mvuke kwenye oveni na kuzitenganisha. Mmoja ametumia kikaango na mafuta, mwingine oveni na siagi. Kanuni ni moja: mafuta katikati ya tabaka, na subira.

Si kwamba mandazi ni kruasani. Mwenye hamu ya kruasani usimpe mandazi ukamwambia anyamaze. Ninachosema ni kwamba ule uhusiano ambao Wafaransa walitunga sheria kuulinda, kati ya mkono unaokanda na mdomo unaokula, kwetu bado uko barabarani. Haulindwi na yeyote. Askari wa kaunti akija, ndio wa kwanza kukimbizwa.

Na kruasani yenyewe je, inaweza kuokwa Gusii kwa haki? Inaweza, tena kwa urahisi kuliko Mombasa. Adui wa kruasani ni joto, kwa sababu siagi ikiyeyuka kabla ya kuingia ovenini, tabaka zinaungana na unabaki na skonzi yenye mafuta. Kisii imekaa karibu mita 1,700 juu ya bahari na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi. Asubuhi za huku ni friji ya bure. Narok, kaunti inayoongoza kwa ngano nchini, ni jirani yetu upande wa kusini mashariki. Maziwa yamejaa Borabu, na kiwanda cha New KCC kiko Sotik, ng'ambo tu ya mpaka. Hata kikombe cha kuandamana nayo kina damu ya Kifaransa: mapadre wa Roho Mtakatifu walipanda kahawa Bura, Taita, na baadaye St. Austin's, na mbegu yao ikajulikana kote nchini kwa jina la French Mission. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliporuhusu Waafrika wachache walime kahawa kwa majaribio, Kisii ilikuwa moja ya wilaya za mwanzo, pamoja na Meru na Embu. Ufaransa ilitufikia kikombeni kabla ya kufika sahanini.

Linalozuia ni hesabu. Siagi ni ghali, na mwokaji mdogo anashawishika kutumia majarini. Wafaransa hawaikatazi majarini, ila wanatofautisha: kuna kruasani ya siagi na kuna kruasani ya kawaida, na mteja anaambiwa ipi ni ipi. Umeme ukikatika saa tisa usiku, kazi ya jana yote imekwenda. Na mteja lazima apite asubuhi, kila asubuhi, maana kitu hiki kikilala kimekufa. Supermaketi zilijaribu kubeba mzigo huu kwa bekari zao za ndani. Nakumatt na Tuskys zilipoanguka, miji mingi ilijifunza kwamba tanuri lililo ndani ya duka la mtu mwingine huzimwa siku duka linapofungwa. Unga wenyewe una jambo lake pia: tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa ngano wa viwandani uongezewe madini ya chuma, zinki na vitamini. Mshika dini wa Paris angeguna. Mimi naona ni sheria nzuri, na inaonyesha kwamba tukitaka kuandika sheria ya unga, tunaweza.

Hilo linanirudisha kwenye jambo lenye uzito kuliko kruasani. Sehemu kubwa ya ngano tunayokula Kenya inatoka nje. Mwaka 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, nchi mbili zilizokuwa zikituuzia ngano nyingi, bei ya mkate ilipanda hapa Kisii, kwa watu ambao hawakuwa na ugomvi na mtu huko. Miaka miwili baadaye Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza VAT ya asilimia 16 kwenye mkate. Piga hesabu: mkate wa gramu 400 uliouzwa kama Sh65 ungeongezeka kwa zaidi ya Sh10. Juni hiyo vijana waliingia barabarani, Kisii ikiwemo. Kodi ya mkate ikaondolewa kwenye mswada tarehe 18, na tarehe 26, siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni na damu kumwagika, Rais akakataa kutia saini mswada wote. Kulikuwa na kodi nyingi mle ndani, lakini mkate ndio kila mtu alioukumbuka. Mtu ambaye bibi yake hakuujua mkate, sasa alikuwa tayari kuandamana kwa ajili yake.

Ni karibu miaka mia moja na kidogo tangu unga mweupe ukiwa chakula cha DC. Leo ni chakula cha mboda-boda. Wimbi, uliokuwa wa kila mtu, umekuwa wa kununuliwa kwa mizani ndogo, wa uji wa mtoto na wa mgonjwa wa sukari, na kilo yake ni ghali kuliko ya unga wa mahindi. Tumebadilishana viti na walowezi bila mtu kutangaza. Waokaji wachache wanachanganya wimbi na ngano, na kila mwenye tanuri anajua kiasi kidogo kinaingia bila kuvunja donge. Hapo ndipo ningependa kuona kijana aliyetoka chuo cha ufundi na cheti cha mapishi akianzia, kabla hajakodisha chumba cha kuuza kruasani kwa wageni wa Desemba: mkate wa vitu vichache, uliokandwa na kuokwa Keroka, unaoliwa Keroka kabla ya jua kuwa kali.

Na wewe unayetafuta kruasani karibu na nyumbani, itafute tu, siku moja utaipata. Ukiipata, usimuulize mwokaji kama alisomea Paris. Muulize kama ni siagi ama ni majarini, na amekanda saa ngapi. Ukipata majibu yanayoeleweka, nunua mbili. Ukiambiwa ilikuja na lori, basi chukua mandazi pale nje kwa mama, yakiwa bado ya moto.